Sekunde Tatu Nilizozikata kwenye Togwa ya Shangazi

Wadogo zangu, msicheke. Si lazima mstaafu awe na mvi. Mimi nimestaafu nikiwa na miaka ishirini na saba, magoti mazima, meno yote yapo, na nikipita Mjimwema watoto bado wananiita dada. Lakini kazi niliifanya, nikaikosea, ikanifunza, na mwisho nikaagwa kwa heshima. Kama huko si kustaafu, basi nipeni jina lake.

Kazi yenyewe ilikuwa kuuza togwa ya shangazi yangu kwa simu.

Najua wengi wenu mmemaliza shule juzi, simu mnayo, ajira hamna, na kuna mtu amewaambia mtandao ni mgodi. Hakudanganya. Ila mgodi nao una mashimo, na mimi niliyatembelea karibu yote. Nitawaonyesha niliyotumbukia, ili nyinyi mkatumbukie ya kwenu mapya.

Naitwa Kandida. Cheti changu cha kidato cha nne mama alikiweka chini ya godoro, wala si kwa ajili ya usalama. Baba, ambaye ni mkulima wa mahindi kule Maposeni, alikisoma mara moja akaniuliza, "Hizi F nyingi hivi ni za nini?" Nikamwambia ni za fanaka. Alitaka sana kuniamini, maskini.

Aliyenichukua ni Shangazi Wilbroda, dada yake baba. Alikuwa amelima Maposeni tangu ujana wake, na siku moja akasema mgongo wake umeshasalimiana na ardhi vya kutosha. Akahamia Mjimwema, mtaa wa Songea mjini, akapanga chumba chenye kibaraza cha bati, akanunua pipa moja la bluu, akaanza kuuza togwa. Baba hakupenda hata kidogo. Kwake yeye togwa ni kitu cha kumpa mgeni. Kuiuza aliona sawa na kumtoza mtu kwa kumsalimia.

Wakabishana simu nzima mpaka salio likaisha, wakamalizia ana kwa ana. Mwisho baba akatoa sharti, nami nilikuwepo.

"Dada, nakupa mpaka mvua ya kwanza. Siku hiyo itakaponyesha, nakuja Mjimwema jioni. Nikikuta pipa lina togwa, unafunga mizigo, tunarudi kupanda mahindi. Nikikuta limekwisha, nafunga mdomo wangu na sitaufungua tena."

"Wewe ufunge mdomo?" Shangazi akasema. "Hiyo tu inatosha kunifanya nifanye bidii."

"Jembe lako nimelitia mpini mpya."

Tangu siku hiyo baba akipiga simu hakusalimia. Alisema tu, "Mpini unakauka vizuri," kisha anakata.

Basi hapo ndipo nilipoajiriwa. Mshahara wangu ulikuwa chakula, malazi na togwa bila mpaka. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha pipa linakwisha kila siku, kwa sababu siku ya mvua ya kwanza hakuna aliyeijua zaidi ya Mungu na mawingu ya milima ya Matogoro.

Kosa la kwanza nililifanya siku ya kwanza, sikutaka kuchelewa. Nikatafuta mtandaoni picha ya kinywaji kinachong'aa, kipo kwenye bilauri ndefu, kina kipande cha limau pembeni na jani la kijani juu. Nikaandika kwa herufi kubwa: BURUDIKO LA KIFALME SASA MJIMWEMA. Nikaisambaza kwenye magrupu saba. Mchana akaja mwalimu mmoja mgeni, amehamishiwa Songea kutoka huko mbali, kavaa miwani. Shangazi akampa togwa kwenye kikombe cha plastiki.

Mwalimu akakitazama. "Samahani mama, limau liko wapi?"

"Limau?" Shangazi akamhurumia. "Una mafua, mwalimu?"

Mwalimu akanionyesha ile picha. Shangazi naye akaiangalia, akaigeuza simu juu chini, akasema, "Hiki kinywaji ni kizuri. Huyo anayekiuza anakaa wapi, nikamsalimie?"

Picha piga mwenyewe, wadogo zangu. Togwa haina sura ya kifalme. Ina rangi ya uji uliofikiria sana. Lakini ukiitoa nje asubuhi jua likiwa bado chini, ukaimimina kwenye kata ya kibuyu na si kwenye bilauri, ukapiga picha povu likiwa bado linapasuka na mkono wa aliyemimina unaonekana, mtu atasikia kiu hata kama ametoka kunywa. Mkono ndio unaouza. Mkono wa Shangazi una makovu ya jembe na pete ya shaba, na watu walikuwa wananitumia ujumbe, "Huo ni mkono wa mama yangu kabisa."

Na msianze na bei. Kuna vijana wanaandika tu "Bei poa, wahi!" kama wanawafukuza mbwa. Songea hii ukiingia kwenye grupu lenye wazee bila shikamoo, hata ungekuwa unagawa bure watakuacha nayo. Mimi nilianza kila asubuhi na "Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo, poleni na joto," na kuna bibi mmoja hakuwahi kununua hata kikombe, ila kila siku alijibu "Marahaba mwanangu." Siku aliyofanya kipaimara cha mjukuu wake, ndoo mbili alichukua kwetu.

Kosa la pili lililipuka. Nasema lililipuka na simaanishi kingine.

Togwa ni kiumbe hai. Unapika uji wa mahindi mzito, unauacha upoe mpaka kidole kivumilie, ndipo unatia kimea, yaani unga wa ulezi uliooteshwa ukakaushwa. Ukitia uji ukiwa wa moto, kimea kinakufa, unabaki na uji tu na huzuni. Ukitia kwa wakati wake, uji unalegea wenyewe mbele ya macho yako, unakuwa mtamu bila sukari. Siku ya kwanza togwa ni ya watoto. Siku ya pili imepata ukali kidogo, ndiyo ya watu wazima. Siku ya tatu inaanza kuwa na maoni yake.

Mimi nikapata oda ya chupa kumi na mbili kutoka Namtumbo. Nikajaza chupa za maji mpaka shingoni, nikakaza vizibo kwa meno, nikazifunga kwenye boksi, nikampa Saidi wa bodaboda. Ilikuwa togwa ya siku ya pili na jua lilikuwa la kukaanga mayai. Saa moja haijapita, simu ikaita.

"Dada Kandida!" Saidi anahema. "Umenipakia nini wewe? Nyuma yangu kunapigwa risasi!"

"Risasi gani?"

"Nimeruka! Pikipiki nimeiacha inakwenda yenyewe, imeingia kwenye shamba la tumbaku la watu! Subiri… hiyo nyingine! Umesikia?"

Nilisikia. Alirudi jioni togwa imemkaukia mwilini kama ukuta uliopigwa lipu, na mbwa watatu wanamfuata kwa mapenzi.

Shangazi alimkogesha kwa ndoo mbili, akanitazama. "Ungeniuliza," akasema. Neno hilo moja. Katika kazi yangu yote sijasikia ushauri wa biashara ulio mfupi kuliko huo.

Tangu hapo nikajifunza kuacha nafasi kwenye chupa na kizibo kisikazwe, na kutopeleka mbali kitu kinachopumua. Na Shangazi akaongeza lake. "Kwenye hiyo simu yako, uwe unawaambia ni togwa ya siku ya ngapi." Nikamwambia hapana, mteja akisikia siku ya tatu atakimbia. Akasema, "Andika." Nikaandika: "Togwa ya leo ni ya siku ya tatu, imechachuka, asiyeiweza asije." Jamani! Waliofurika siku hiyo! Kila mwanaume wa Mjimwema alitaka kuthibitisha kwamba yeye anaiweza. Mimi nilikuwa nimesoma ushawishi kwenye simu miezi miwili, na Shangazi, ambaye simu yake ni ya kitochi, akanipita kwa sentensi moja ya kweli.

Mngedhani ningeacha ujuaji hapo. Sikuacha.

Kulikuwa na kijana mmoja mtandaoni, suti ya bluu, anafundisha ushawishi. Sikumjua wala hakunijua, lakini nilimtii kuliko baba. Alisema klipu isizidi sekunde thelathini, na kila kisichouza kikatwe. Nikakariri kama katekisimu.

Sasa mteja wetu mkubwa alikuwa Mzee Faraji, Myao wa Tunduru, mfanyabiashara wa korosho ambaye amefungua duka la nafaka hapo hapo Mjimwema. Kila siku baada ya swala ya adhuhuri alikuja kwa Shangazi kunywa na kutukana. Sisi Wangoni na Wayao ni watani. Mababu walipigana, wakachoka, wakaamua wajukuu wamalizie kwa maneno.

"Wilbroda, nipe hayo maji ya kuoshea masufuria."

"Kaa chini, mla panya. Kikombe cha binadamu nimekificha, utanywea kata."

Hivyo ndivyo walivyopendana.

Nikawarekodi. Klipu nzuri, mwanga mzuri. Shangazi anachota, anaonja yeye kwanza kama kila mtu mwenye malezi anavyofanya, anafuta ukingo wa kata kwa kiganja, anampa Mzee Faraji, mzee anakunywa mpaka kata inamfunika uso, anatoa pumzi, "Aaah." Nikaiangalia ilikuwa na urefu gani. Sekunde thelathini na tatu.

Tatu zimezidi. Nikatafuta za kukata. Ile "Aaah" siwezi. Povu siwezi. Mkono siwezi. Nikaona hapo Shangazi anapoonja, nikajiambia, hapa si muuzaji anakunywa tu mali yake? Hii inauza nini? Nikakata. Mkato ukawa laini kama siagi. Nikajipongeza, nikaiposti.

Nyinyi mliozaliwa huku mmeshashika vichwa, nawaona.

Mzee Faraji akaiona klipu jioni hiyo hiyo, na mtani hawezi kuona upenyo akaupita. Akatuma sauti kwenye grupu la majirani wa Mjimwema.

"Asalaam aleikum majirani. Mmeiona hiyo? Mngoni ananipa togwa bila kuonja! Mchana kweupe! Wallahi nikifa leo msipige ramli, muuaji mnamjua. Korosho zangu wapewe mayatima, na mke wangu msimwozeshe kwa Mngoni, nitafufuka."

Grupu zima likacheka. Mle wote walijua yule ni nani na Shangazi ni nani. Mimi pia nilicheka, nikaenda kulala.

Lakini mtu mmoja akaifowadi kwenye grupu la kazini kwake. Huko kuna watu wa mikoa mingine, watumishi, walimu, hawamjui Faraji wala hawajui utani wetu. Wao walisikia mzee analalamika kapewa kitu bila kuonjwa. Kwenye grupu la tatu, mzee wa Tunduru amelazwa. Kwenye la tano amekufa. Siku ya pili yake mpwa wa Mzee Faraji akashuka kwenye basi la kutoka Tunduru na kanzu ya mazishi begani, akamkuta marehemu anapima maharage.

"Mjomba!"

"Nini? Umekuja na nini?"

"Nimekuja kukuzika."

"Basi shika hapa kwanza gunia hili."

Kwa Mzee Faraji ilikuwa kichekesho. Kwa Shangazi pipa liliacha kushuka. Siku ya kwanza lilibaki robo. Siku ya pili nusu. Siku ya tatu watu walipita upande wa pili wa barabara, wanatusalimia kwa mbali. Shangazi, na kile kitochi chake kisichoonyesha klipu, alikaa kibarazani na kata mkononi akiuliza, "Kandida, kuna mfungo gani wiki hii?" Na huko Matogoro mawingu yalikuwa yameanza kukaa jioni, meusi kwa chini. Baba akapiga simu. "Mpini umekauka," akasema, na safari hii hakuongeza neno "vizuri".

Sikumwambia Shangazi ukweli. Niliogopa. Badala yake nikafanya kitu ambacho mpaka leo nikikikumbuka naziba uso hata nikiwa peke yangu. Nikanunua laini nyingine ya simu, nikajiita Mama Nuru wa Namtumbo, nikaingia chooni, nikaziba pua kwa kanga, nikarekodi sauti: "Jamani mimi ni mteja kutoka Namtumbo, togwa ya Mama Wilbroda nimekunywa mwaka mzima na afya yangu ni njema kabisa…" Nikaituma bila kuisikiliza.

Mwisho wa sauti ile, nyuma kabisa, anasikika Shangazi akipaza: "Kandida! Toka huko chooni, uji unaungua!"

Mtu mmoja akaandika: "Mama Nuru, uji unaungua." Wakafuatia wengine kumi na kitu. Mpaka leo kuna watu Mjimwema wananiita Mama Nuru, nami naitika, nifanyeje.

Ndipo nikaenda jikoni. Shangazi alikuwa anakoroga sufuria kubwa. Nikapiga magoti kwenye majivu, nikamweleza yote, klipu, sauti, magrupu, Mama Nuru. Hakunikatisha. Nilipomaliza akauliza tu, "Ulikata nini hasa?"

"Sekunde tatu, shangazi."

"Za nini?"

"Za wewe kuonja. Nilidhani unakunywa tu."

Mwiko ukasimama kwenye uji.

"Mwanangu," akasema taratibu, "heri ungenikata pua. Pale sinywi. Pale namwambia mtu, kama humu mna ubaya, uanze na mimi. Ukishaliondoa hilo, kilichobaki unauza nini? Uji baridi."

Nikalia. Yeye hakulia. Akaipua sufuria, akajifunga kanga ya pili kiunoni, akachota ndoo ya togwa kwenye pipa, akajitwika.

"Tunakwenda wapi?"

"Kwa huyo marehemu. Njoo na hiyo simu yako."

"Nirekodi?"

"Ina namna ya kuonyesha kitu hapo hapo, usiweze kukata?"

"Ipo. Inaitwa laivu."

"Hiyo hiyo."

Dukani kwa Mzee Faraji Shangazi hakupiga hodi. Alitua ndoo, akaenda akakalia gunia lake la kunde lililo wazi, kama kwake. Mimi nikawasha laivu. Waliokuwa wanatazama walikuwa tisa, kisha thelathini, kisha nikaacha kuangalia.

"Marehemu, hujambo?"

"Sijambo, mchawi. Toka juu ya kunde zangu."

"Sitoki. Umeniua kwenye simu, sasa utanifufua kwenye simu."

Mzee Faraji akacheka, kisha akaona uso wa Shangazi, akaacha. "Kwani imefika huko?"

"Pipa langu halishuki, Faraji. Na mvua ile pale." Akaonyesha kwa kidevu. "Ikinyesha nimeondoka. Utamtukana nani adhuhuri?"

Yule mzee akavua kofia, akaivaa tena. "Lete," akasema.

Shangazi akachota. Akaonja mbele ya simu, akameza, koo lake likaonekana likishuka. Akafuta ukingo, akampa. Mzee akasema bismillahi, akanywa yote. Akairudisha kata. Akashika kifua. Macho yakamgeuka meupe, magoti yakalegea, akaanguka chali katikati ya duka, puu, na unga ukatimka.

Jamani. Mimi nilipiga yowe ambalo lipo kwenye simu mpaka leo. Mpwa wake akaruka kaunta. Nje watu wakaacha baiskeli zikianguka. Shangazi peke yake hakusogea. Alikuwa anamtazama tu, kata mkononi, kama mtu anayesubiri chai ichemke.

Jicho moja la Mzee Faraji likafunguka.

"Nimefika njiani kwenda akhera," akasema, "nikasikia kule hawapiki togwa. Ongeza."

Duka lilipasuka kwa kicheko. Shangazi akamwagia matone usoni, akamwita mla panya asiye na adabu. Kisha mzee akaketi hapo hapo chini, unga umejaa kwenye ndevu, akaitazama simu, na safari hii hakutania. "Ndugu zangu, huyu mama anaonja kila siku. Mimi nimekunywa kwake tangu alipoanza. Ile sauti yangu ilikuwa utani wa Myao kwa Mngoni, na aliyeitoa nje aliitoa bila kicheko chake. Nisameheni, na yeye anisamehe." Shangazi akainuka, akachota kibaba cha kunde bila kuomba, ndiyo haki ya mtani, akasema, "Nimesamehe."

Sasa hiyo mvua niiache kidogo ikining'inia pale Matogoro, niwaambie nilivyostaafu, maana mkishajua mwisho wa mvua mtaondoka.

Msimu uliofuata Shangazi alinunua simu yake mwenyewe, ya kupapasa. Nikamfundisha kwa subira kubwa namna ya kushika, wapi asimame, nini akate. Hakukata kitu. Klipu zake zina dakika nne, kidole chake kimefunika robo ya picha, anasalimia watu mmoja mmoja kwa majina, anauliza mguu wa fulani umepona, katikati anamfukuza kuku. Watu wanaziangalia mpaka mwisho. Zangu walikuwa wanaziruka. Asubuhi moja akaniita kibarazani, akaniwekea kiti, nikajua kuna jambo.

"Mwanangu, umenifanyia kazi. Lakini hii kazi haitaki watu wawili. Ulisema una ndoto gani vile?"

"Nyuki," nikasema. "Nataka kufuga nyuki."

"Basi kafuge. Uwanja huu niachie mimi."

Ndiyo maana leo nina mizinga kumi na nne huko njia ya Namtumbo, na nitakuwa nayo mia, mtaona. Nyuki ni wafanyakazi wazuri, na hawafowadi kitu.

Haya, mvua.

Ilikuwa siku ile ile ya laivu. Tulirudi nyumbani, na Mzee Faraji akafunga duka akaja nasi, akakaa kwenye benchi letu kando ya pipa, ili kila mwenye shaka aje amguse. Nikaandika kwenye magrupu yote: "Shikamooni wakubwa. Togwa ya leo ni ya siku ya pili. Marehemu yupo kibarazani, anapokea wageni." Wakaja. Walimu wakaja, hata yule wa limau. Wauguzi wakaja. Kila mmoja Shangazi alimchotea, akaonja, akampa. Pipa likaanza kushuka.

Alasiri tone la kwanza likagonga bati. Halafu la pili. Halafu kama mtu amemwaga gunia la mahindi juu ya paa. Baridi ikaingia, na nani anakunywa togwa kwenye baridi? Watu walijibana chini ya kibaraza wakishika viwiko. Shangazi aliendelea kuchota, wengine walikunywa kwa aibu tu, na Mzee Faraji alikunywa kwa niaba ya ukoo wake mzima mpaka akaanza kupumua kwa mabega. Mimi nilikuwa nachungulia ndani ya pipa kila dakika. Kilibaki kitu kidogo chini, cheupe.

Ndipo bodaboda ikasimama nje. Baba akashuka, ameloa mpaka kwenye kope, mkononi ana kitu kirefu kimefungwa kwenye kiroba. Saidi nyuma yake alinyanyua mabega kunionyesha kwamba yeye kaleta abiria tu.

"Shikamoo baba," nikasema.

"Marahaba." Hakunitazama. Alipita katikati ya watu, wakampisha. Akafungua kiroba, akalisimamisha lile jembe ukutani, mpini mpya, mweupe, mzuri kwa kweli. Akaenda kwenye pipa. Akainama.



"Imebaki," baba akasema, sauti yake ndani ya pipa.

Nilitaka kusema kitu, chochote, hata Mama Nuru angesema. Shangazi akanigusa bega nikanyamaza. Akachukua kata, akainamisha pipa, akakwangua chini mpaka kata ikajaa, ikawa ndiyo ya mwisho. Kisha akasimama mbele ya kaka yake aliyeloa, aliyetoka mbali, mgeni wake.

"Umekuja kwenye mvua," akasema. "Pole na safari."

Akaonja.

Simu yangu ilikuwa inarekodi, sijui niliiwasha saa ngapi. Nilihesabu: moja, mbili, tatu. Akafuta ukingo kwa kiganja, akamnyooshea kwa mikono miwili.

Baba aliiangalia ile kata. Alijua, kila mtu pale kibarazani alijua, kwamba akinywa amekwisha. Lakini baba yangu ni mtu aliyelelewa, na mtu aliyelelewa hawezi kukataa kilichoonjwa mbele yake. Akaipokea. Akanywa taratibu, mpaka chini, mpaka kata ikamfunika uso.

"Aaah," akasema, bila kutaka.

Akafuta masharubu. Akachungulia pipa, akagonga ubavu wake kwa ngumi, likalia utupu. Watu walikuwa wanamtazama kinywa, waone atakavyokifunga. Akageuka akalitazama jembe pale ukutani muda mrefu, kisha akaenda, akapiga chuma chini kwenye sakafu mara mbili, jembe likachomoka, akabaki na mpini.

Akampa dada yake. "Sufuria lako ni kubwa," akasema. "Korogea uji."